Kutumwa na Kutumikishwa: Mtoto Afanyaye Kazi katika Riwaya Zetu

Vitabu navyo huvuka mpaka. Sisi tunaofundisha Kiswahili huku Masinya, katika wilaya ya Busia iliyokatwa kutoka wilaya ya Tororo mwaka 1997, tumezoea kupokea riwaya zilizotungwa na kusomwa Kenya, zikiwa zimechakaa pembe na kuandikwa majina ya wanafunzi wawili watatu waliotangulia. Miongoni mwa zinazopendwa ni Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) na Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014), ambazo zote mbili zilipata kuwa vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya. Wanafunzi wetu huzisoma kwa hamu, na mara nyingi kwa machozi, kwa kuwa ndani yake wanakutana na watoto wa rika lao wanaoteseka.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja tu. Je, riwaya zetu zinamwonyesha mtoto afanyaye kazi kama tumjuavyo sisi wa mpakani? Jibu letu, ambalo tutajaribu kulitetea, ni kwamba zinamhurumia kwa dhati, lakini aghalabu zinamtafutia adui mwepesi mno na wokovu mwepesi mno. Zinatuonyesha mkono unaompiga mtoto. Ni nadra kutuonyesha mkono unaopokea kile alichokichuma.

Tuanze na lugha yenyewe, maana mhakiki asiyepima maneno hupotea njia mapema. Kiswahili kina mzizi mmoja, -tum-, uliozaa ukoo mkubwa. Tunasema kutuma, na mtoto hutumwa dukani kuleta chumvi. Kutokana na mzizi huo tunapata mtume, ambaye ni mheshimiwa. Tunapata mtumishi, ambaye heshima yake hutegemea anamtumikia nani. Na tunapata mtumwa, ambaye hana heshima wala ujira. Kisha tunapata kutumika, kutumikia, na mwisho kutumikisha. Tazama, msomaji, jinsi safari ilivyo fupi. Kati ya mtoto aliyetumwa na mtoto anayetumikishwa pana silabi chache tu, na hakuna mlio wa kengele unaomjulisha mtu kwamba amevuka.

Wakuu wa ofisini na waandishi wa magazeti hupenda kusema "ajira ya watoto". Neno hili twaliona pungufu. Ajira ina mwajiri anayejulikana, ina mapatano, ina ujira wa siku au wa mwezi. Mtoto wa Masinya anayekosa shule siku ya gulio ili abebe mzigo wa ndizi hana hata kimoja katika hivyo vitatu. Nyumbani husemwa kwamba "anasaidia". Akipelekwa mjini kulea mtoto wa mwenziwe huitwa yaya, au msichana wa kazi, hata kama umri wake ni miaka 11. Neno "utumikishwaji" ni zito kinywani, lakini lina fadhila moja kubwa: linadai mtendaji. Ukisema mtoto anatumikishwa, msikilizaji hana budi kuuliza, na nani? Neno "kusaidia" halimlazimishi mtu kuuliza lolote.

Hali yenyewe ya huku ikoje? Hatutaki kuipaka rangi. Kazi ya mtoto katika nchi hii ya Wasamia, Wagwe, Wateso na Wajopadhola si jambo la kuletwa na meli. Mtoto aliamia ndege katika mtama, alichunga mbuzi, aliteka maji, na kwa kufanya hivyo alijifunza majira, mimea na adabu. Hakuna mzee wa kwetu atakayekubali kuambiwa kwamba kumtuma mjukuu ni dhuluma, na sisi hatutamwambia hivyo. Lakini mpaka uliochorwa wakati wa ukoloni, na biashara iliyoota juu yake, vimeibadilisha kazi hiyo ilhali jina lake limebaki lile lile.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Uganda na mwingine Kenya. Hapa mpakani ndipo lilipozaliwa neno "bodaboda", wakati waendesha baiskeli walipovusha watu na mizigo baina ya vituo viwili vya forodha. Leo neno hilo linatumika Afrika Mashariki nzima, na pikipiki imechukua nafasi ya baiskeli. Hapa pia, katika miaka ya 1970, neno "magendo" lilinenepa hata likawa jina la uchumi mzima wa Uganda ya zama za Idi Amin, bidhaa zilipoadimika madukani. Tangu mwaka 2018 forodha za nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na malori hupita kwa wepesi zaidi. Lakini njia za panya hazijafungwa. Katika njia hizo mzigo mdogo una faida kuliko mzigo mkubwa, na mbebaji mdogo hutiliwa shaka kidogo kuliko mtu mzima. Hiyo ndiyo hesabu. Anayeifanya si lazima awe katili. Ni mfanyabiashara anayepunguza gharama.

Upande wa Busitema, katika machimbo ya dhahabu ya Tiira na mengineyo ya wachimbaji wadogo, hesabu ni ile ile. Mtu mzima hushuka shimoni. Mtoto huteka maji kwa jerikeni, huponda mawe, huosha udongo juu ya ubao uliotandikwa gunia, na mara nyingine huchanganya vumbi la madini na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki hushikana na dhahabu. Kisha donge lile huchomwa motoni, zebaki ikapaa kuwa moshi, na moshi huo ni sumu ya mishipa ya fahamu kwa mtu yeyote, sembuse mtoto ambaye mwili wake bado unajengeka. Dhahabu huuzwa kwa mnunuzi wa kwanza, naye humuuzia wa pili, hata ikafika miji ambayo mtoto yule hajapata kuisikia ikitajwa.

Shule za Uganda zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, ambao ni muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani, watoto wengi waliingia katika kazi za namna hii. Shirika la Human Rights Watch lilitoa mwaka 2021 taarifa juu ya Ghana, Nepal na Uganda, likieleza jinsi umaskini wa wakati huo ulivyowasukuma watoto kazini. Madarasa yalipofunguliwa tena, sisi walimu tulihesabu madawati matupu. Hatukuhitaji taarifa kutuambia wenyewe wako wapi.

Na sasa tuziendee riwaya.

Yapo mapokeo ya zamani kidogo ambayo yafaa tuyataje kwanza. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), msichana Rehema anakua katika mateso ya mama wa kambo na upuuzi wa baba. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea ni yatima anayedhulumiwa katika nyumba ya jamaa, kisha anafunga safari ndefu kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta baba yake. Riwaya hizi mbili ni nzuri, na ya kwanza, inapofika kwenye mgogoro wa shamba, inatugusia suala la ardhi na tabaka kwa nguvu. Lakini katika utoto wa wahusika wao umbo ni moja: mlezi mbaya yuko ndani ya nyumba, na dawa ni kuiacha nyumba hiyo. Ni umbo la ngano tulizosimuliwa na bibi zetu. Lina uzuri wake, nalo humfanya msomaji alie. Ila linamfundisha kwamba shida ya mtoto ni tabia ya mtu mmoja.

Kidagaa Kimemwozea inapiga hatua. Walibora anatuonyesha utawala wa Mtemi Nasaba Bora, na chini yake anaweka vijana wanaotumika: Amani anachunga ng'ombe, Imani anafanya kazi ya nyumbani, na DJ, mtoto aliyetoka mtaani mjini, naye ni mchunga mifugo. Hapa kazi ya mtoto haikuachwa ikielea. Imefungwa kwenye mali na madaraka. DJ anapoumwa na mbwa wa Mtemi na kuzungushwa katika matibabu, tunaona wazi kwamba mwili wa mchungaji mdogo hauna thamani mbele ya mbwa wa mkubwa. Hilo ni jicho kali la msanii.

Hata hivyo tuna malalamiko. DJ amechorwa mcheshi, mwepesi wa ulimi, asiyeshindwa na lolote. Ucheshi wake unatupendeza, na kwa sababu unatupendeza tunasahau kuuliza kwa nini mtoto wa umri ule yuko machungani siku za masomo. Simulizi halimsimamishi msomaji hapo. Dhuluma yote inavutwa juu, imwangukie Mtemi, hata uozo wake unapofichuliwa tunahisi kwamba hesabu imelipwa. Sisi tunauliza: Mtemi akianguka, ng'ombe watachungwa na nani kesho asubuhi?

Chozi la Heri ndiyo riwaya iliyolikabili jambo hili kwa upana kuliko zote tulizozitaja, na kwa hiyo inastahili kupimwa kwa mizani kubwa zaidi. Umulkheri anawapoteza ndugu zake, Dick na Mwaliko, pale Sauna, mtumishi wa nyumbani, anapowaiba na kuwapeleka kwa Bi Kangara, mlanguzi wa watoto. Dick anaingizwa katika biashara ya dawa za kulevya, mwili wake ukiwa chombo cha kusafirishia mali ya mtu mwingine. Msomaji wa mpakani hahitaji kufafanuliwa sehemu hii. Anajua kwa nini mtoto huchaguliwa kubeba kisichotakiwa kuonekana.

Matei amefanya jambo moja ambalo twalihesabu kuwa kilele cha riwaya yake. Hakumwacha Sauna awe shetani asiye na chanzo. Ametupa habari za utoto wake: ubaya aliotendewa na baba wa kambo, siri aliyolazimishwa kuifunika, na kutoroka kwake mpaka akaangukia mikononi mwa Bi Kangara. Hivyo anayewauza watoto alikuwa mwenyewe mtoto aliyepatikana kwa bei rahisi. Laiti riwaya ingeufuata uzi huo mpaka mwisho! Ingetufikisha kwenye mnunuzi. Badala yake, walanguzi wanakamatwa, ndugu watatu wanakutana tena, na wema wa watu waliowachukua kuwalea unaziba pengo lote. Chozi linakuwa la heri kweli, lakini biashara iliyomhitaji Dick imeachwa imesimama, na tunaogopa kwamba imekwisha kumpata Dick mwingine.

Mfano wa pili ni Chandachema, aliyelelewa na bibi yake na ambaye baadaye anajikuta akichuma majani chai. Habari hii inasimuliwa katika mazungumzo ya wanafunzi wenzake, kama mojawapo ya mikasa mingi, na mkasa mmoja unapomalizika mwingine unaingia. Mrundikano huu una lengo lake: mwandishi anataka tuone wingi wa majeraha. Ila una hasara pia. Shamba la chai ni mahali penye mizani, karani, kilo na senti. Kama mwandishi angekaa pale kurasa chache zaidi, tukaona kikapu kikipimwa na kijitabu kikiandikwa, tungejua jambo ambalo huruma peke yake haiwezi kutufundisha: kwamba bei ya majani yale isingekuwa ile kama aliyeyachuma angekuwa mtu mzima anayeweza kugoma.

Kugoma ndiko kunakotukumbusha Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979). Kwa mtazamo wa kwanza si riwaya ya watoto, bali ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Lakini hebu tumtazame Rashidi, kijana anayeingia bandarini baada ya kazi ile ile kumwua baba yake. Hakutumwa na mama wa kambo wala hakuibwa na mlanguzi. Mama yake anampenda. Anakwenda kwa sababu nyumbani hakuna kitu na bandari inahitaji migongo. Humo riwayani mzigo una uzito, kazi ina saa zake, ujira una kiasi chake, na aliye juu ana sababu ya kuushikilia ujira huo usipande. Msomaji akikifunga kitabu hiki hana mtu mmoja wa kumchukia. Ana utaratibu mzima wa kuuelewa. Twaamini hii ndiyo njia ambayo riwaya ya mtoto afanyaye kazi ingeifuata, na ni ajabu kwamba baada ya miaka mingi bado tunaitafuta iliyoifuata.

Patakuwa na wenzetu watakaosema kwamba tunamdai msanii atuandikie ripoti. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Fasihi si daftari la mapato na matumizi. Mwandishi ana haki ya kumpa msomaji faraja, hasa msomaji mdogo ambaye huenda hana faraja nyingine. Lakini hatudai takwimu riwayani. Tunadai uhalisi katika jambo moja: kwamba watoto wengi wanaofanya kazi huku hawatumikishwi na maadui. Wanatumikishwa na watu wanaowapenda, ambao nao wamebanwa na bei. Bibi anayemtuma mjukuu machimboni analia usiku. Hapo pana tanzia kubwa kuliko ya mama wa kambo, na tanzia ni kazi ya sanaa.

Methali zetu nazo zina sehemu katika lawama hii. Tunawafundisha wanafunzi kwamba kazi mbi si mchezo mwema, kwamba achanikaye kwa mpini hafi njaa, kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Ni hekima njema kwa mtu mzima. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayouliza umri wa mchapa kazi, wala inayosema aliyechanika kwa mpini alilipwa nini. Methali iliyotungwa kwa ajili ya mkulima mwenye shamba lake, ikisomwa mbele ya mtoto anayelima shamba la mtu mwingine, hugeuka kuwa sauti ya mwenye shamba.

Sheria, kwa upande wake, haikosi maneno. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, uliridhiwa na Kenya mwaka 1979 na Uganda mwaka 2003. Ule wa namba 182 wa mwaka 1999, juu ya kazi mbaya kupita zote, uliridhiwa na nchi zote mbili mwaka 2001. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 34, inamkinga mtoto na kazi ya hatari au inayomkatisha masomo, ikiweka umri wa kinga hiyo kuwa chini ya miaka 16. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inamkinga mtoto na kazi ya hatari au ya kinyonyaji, na kwa katiba hiyo mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayevuka hapa Busia na gunia mgongoni anaweza kukivuka kinga cha katiba moja na kuingia katika kinga cha nyingine bila yeye kujua. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2024 yanataja watoto milioni 138 wanaotumikishwa, na kati yao karibu milioni 87 ni wa Afrika kusini ya Sahara. Katika jambo lenye ukubwa huo sheria hutaja kosa, lakini fasihi ndiyo iwezayo kumfanya mtu alione nyumbani kwake.

Ndiyo maana neno la mwisho tunalielekeza kwetu sisi walimu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maneno tutakayoyafundisha ndiyo ambayo watoto wa mpaka huu watajitazamia. Na tunayafundishaje? Tunatoa swali: "Eleza dhuluma kumi wanazotendewa watoto katika riwaya hii." Mwanafunzi anaorodhesha kumi, tunampa alama ishirini, na somo limekwisha. Tumemfundisha kuhesabu majeraha. Hatukumfundisha kuhesabu faida.

Tunapendekeza maswali ya namna nyingine. Kazi hii ilimfaa nani? Kama mtoto huyu asingeifanya, angeifanya nani, na kwa malipo gani? Ni neno gani wahusika wanalolitumia kuiita kazi hiyo, na neno hilo linaficha nini? Mwisho wa riwaya umembadilisha mhusika peke yake, au umeibadilisha pia hali iliyomzunguka? Mwalimu anayeuliza hivyo atapata majibu ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mwongozo, kwa kuwa wapo darasani wanaoyajua kwa mikono yao. Awasikilize kwa staha, asiwataje mbele ya wenzao, wala asiwafanye kielelezo. Siku ya gulio, anapoita majina na kuona nafasi zilizo wazi, asiandike "mtoro" kabla hajauliza ni nani aliyemtuma, kwenda wapi, na mzigo ule ulikuwa wa nani.

Kwa waandishi tuna ombi moja. Machimbo ya Tiira, njia za panya za Busia, mashamba ya miwa na mpunga ya nchi hii bado yanasubiri riwaya yao ya Kiswahili. Atakayeiandika asihangaike kutafuta mtu mwovu. Aufuate mzigo tangu mgongoni mwa mtoto hadi unapofika, na katika kila kituo amwandike anayeupokea.